Orodha, Hazina au Mkoba? Asili na Maana ya Jina la Kazi Alizo Nazo Msanii Tayari

UTANGULIZI

Kila msanii wa jukwaani, awe mwimbaji, mchezaji wa ngoma, mwigizaji au mpiga ala, anazo kazi ambazo amekwisha kujifunza na kuzifanyia mazoezi, naye yu tayari kuzitoa mbele ya watu atakapotakiwa. Mpiga zeze anazo nyimbo zake; kwaya inazo zake; kundi la maigizo linayo michezo ambayo waigizaji wake wanaifahamu kwa moyo. Je, jumla ya kazi hizo inaitwaje kwa Kiswahili? Makala haya yanakusudia kulichungua swali hilo: kwanza kwa kutazama asili ya neno la kigeni linalotumika kwa maana hiyo, pili kwa kupima maneno tuliyo nayo wenyewe, na tatu kwa kutoa pendekezo.

Huenda swali hili likaonekana kuwa dogo. Mwandishi wa makala haya naye alilidhani hivyo. Miaka michache iliyopita alipewa kazi ya kutafsiri fomu ya kuandikisha vikundi vya sanaa. Ndani ya fomu hiyo palikuwa na safu iliyotaka kikundi kieleze kazi zote kilizo nazo tayari kwa maonyesho. Kwa haraka, na bila ya kufikiri sana, mwandishi aliitafsiri safu ile kwa maneno matatu: "Orodha ya nyimbo". Fomu zikachapwa, zikasambazwa, na jambo likasahauliwa.

Baadaye tulikwenda Rutamba, katika Mkoa wa Lindi, kukusanya msamiati wa ngoma. Huko tulionyeshwa fomu ya kikundi kimoja cha wazee. Katika safu ile wazee walikuwa wamejaza neno moja tu: "Ngoma". Fomu yao ilirudishwa kwa maelezo kwamba haikujazwa kikamilifu. Wakaijaza upya kwa kutaja nyimbo sita, kwa sababu mistari iliyochapwa katika safu hiyo ilikuwa sita. Mzee mmoja alitueleza kwa upole kwamba yeye hakuwa na orodha ya kitu chochote. Alichokuwa nacho ni kile alichokabidhiwa na waliomtangulia, na hicho hakikuwa cha kuandikwa karatasini kikaisha. Lililotusikitisha zaidi ni kwamba vijana wa kikundi hicho walikuwa wakizifanyia mazoezi nyimbo zile zile sita, maana ndizo zilizoitwa kila palipokuja mgeni au palipokuwa na tamasha. Zile nyingine ziliachwa zikingoja siku ambayo mtu angeziuliza.

Kosa lile halikuwa la wazee. Lilikuwa kosa la istilahi, nalo ni la mwandishi mwenyewe. Kwa hiyo makala haya ni jaribio la kulirekebisha.

NENO LA KIGENI NA ASILI YAKE

Lugha kadhaa za Ulaya hutumia kwa maana hii neno la Kifaransa répertoire. Asili yake ni neno la Kilatini repertorium, nalo limetokana na kitenzi reperire, yaani kupata au kuvumbua kitu kilichokuwa kikitafutwa. Basi repertorium ilikuwa ni mahali pa kupatia vitu: daftari au hesabu ya mali iliyopangwa kwa utaratibu, ili mwenye kutafuta aweze kuona upesi alitakalo. Neno hili lilikuwa la makarani kabla ya kuwa la wasanii.

Lilivyoingia katika tamthilia si ajabu. Kundi la waigizaji lenye jengo lake, kama vile Comédie-Française iliyoanzishwa mjini Paris mwaka 1680, halikuishi kwa mchezo mmoja. Lilikuwa na michezo mingi iliyoandikwa, na liliionyesha kwa zamu, leo huu, kesho ule. Mkuu wa kundi alihitaji kujua ni michezo ipi iliyo tayari. Daftari ya michezo hiyo ikaitwa kwa jina la daftari nyingine yoyote, na hatimaye jina la daftari likawa jina la michezo yenyewe.

Msomaji atatambua kuwa nyuma ya neno hilo mna mambo matatu yanayochukuliwa kuwa ya kawaida. Kwanza, kila kazi imetengana na mwenzake na inaweza kuhesabika. Pili, kazi huwa mahali fulani hata pasipo kuwapo mtu wa kuitenda, yaani kitabuni. Tatu, anayechagua kazi ya kuonyeshwa ni mkuu wa kundi. Mambo hayo ni ya kweli katika jumba la tamthilia la Ulaya. Hapana budi tujiulize kama ni ya kweli vilevile Rutamba.

MAJINA YA KAZI MOJA MOJA

Kiswahili hakina upungufu wa majina ya kazi za wasanii. Kutokana na kitenzi imba tumepata wimbo. Kutokana na cheza tumepata mchezo. Iga imezaa igiza na igizo. Ona imezaa onyesha na onyesho. Na tenda ndiyo iliyotupatia utendi, jina la utungo mrefu wa kusimulia. Kutoka Kiarabu tumepata tamthilia, lenye maana ya kuleta mfano wa jambo mbele ya macho. Wapenzi wa muziki wa dansi nao husema kibao, na kibao kipya kikitoka hujulikana mtaani kabla ya kujulikana redioni.

Pamoja na hayo tunalo jina la uwanja wote, nalo ni sanaa za maonyesho. Jina hili lilipata nguvu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kitabu cha Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, Fasihi na Sanaa za Maonyesho, kilichotoka mwaka 1976, kililieneza kwa walimu na wanafunzi. Faida yake kubwa ilikuwa kuondoa dhana kwamba maonyesho ni yale tu yaliyoandikwa na kuchezwa jukwaani kwa mtindo wa Ulaya. Ngoma, jando na masimulizi yakapata nafasi katika jina moja na tamthilia.

Basi tunayo majina ya kazi moja moja, na tunalo jina la uwanja mzima. Kati ya ncha hizo mbili pana pengo: jina la kazi zile ambazo msanii huyu, au kikundi hiki, kinazo.

Lakini kabla ya kuliziba pengo hilo hatuna budi kusimama kidogo penye neno walilojaza wazee, yaani ngoma. Neno hili ni la asili ya Kibantu, na limeenea katika lugha nyingi za jamii hiyo likiwa na maana pana ajabu. Katika Kinyarwanda, ingoma ni ala ya kupigwa na pia ni utawala wa mfalme. Katika Kizulu, ingoma ni wimbo. Katika Kiswahili, ngoma ni ala. Ngoma ni uchezaji. Ngoma ni mkusanyiko wa watu wanaocheza na kutazama. Na ngoma ya pepo ni tiba. Mtu hupiga ngoma, hucheza ngoma, na huenda ngomani. Ndani ya neno moja mna chombo, sauti, miguu, wimbo, watu na siku yenyewe.

Kwa hiyo mzee aliyejaza "Ngoma" katika fomu hakuiacha fomu wazi. Aliijaza kikamilifu kadiri lugha yake ilivyomruhusu. Sisi ndio tuliomwuliza swali la daftari, naye akatujibu kwa jina la jambo zima.

HAJA YA JINA ILIVYOZALIWA

Yamkini msomaji atauliza: ikiwa wazee wetu waliishi bila ya jina hilo, sisi tunalitakia nini? Jibu ni kwamba istilahi huzaliwa na haja, na haja hiyo ina historia yake.

Katika ngoma za zamani, siku ndiyo iliyochagua kazi. Jando lilikuwa na nyimbo zake, unyago nyimbo zake, mavuno nyimbo zake, na matanga nyimbo zake. Kungwi hakuulizwa ana nyimbo ngapi. Wali walipofika hatua fulani ya mafunzo, wimbo wa hatua ile uliimbwa, na usingaliweza kuimbwa mwingine. Mtu aliyeuimba wimbo wa unyago njiani bila ya sababu alionekana mtovu wa adabu. Hapakuwa na haja ya jina la kazi zilizo tayari, kwa sababu kazi hazikuwa zikingoja kuitwa na yeyote. Zilikuwa zikingoja siku yake.

Mabadiliko ya kwanza makubwa yalikuja na beni. Ngoma hiyo, ambayo jina lake limetoholewa kutoka neno la Kiingereza la bendi, ilianza katika miji ya pwani ya kaskazini mwishoni mwa karne ya 19. Wachezaji wake walipanga vikundi vyenye vyeo vya kijeshi na kifalme, wakavaa sare, wakashindana upande kwa upande. Pande zilizojulikana mno ni Marini na Arinoti. Vita vya 1914 hadi 1918 vilipowatawanya askari na wapagazi, beni ilisambaa nao pwani na bara. Mwanahistoria Terence Ranger aliieleza habari hii kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1975. Linalotuhusu hapa ni kwamba mashindano yalileta namna mpya ya matayarisho. Kikundi kilihitaji kuwa na nyimbo mpya na mapigo mapya yaliyokwisha kuiva kabla ya siku ya kukutana na mpinzani.

Mabadiliko ya pili yalikuja na Uhuru. Tarehe 10 Desemba 1962, katika hotuba yake ya siku ya Jamhuri, Mwalimu Julius Nyerere aliuliza ni wangapi miongoni mwa wasomi walioweza kucheza, au hata waliopata kuzisikia, ngoma kama gombe sugu, mangala, nyang'umumi, kiduo na lele mama. Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana iliundwa, na katika miaka hiyo ya 1960 kikapatikana kikundi cha ngoma cha taifa. Wachezaji walitoka sehemu mbalimbali, na kila mmoja alipaswa kujifunza ngoma za wenzake. Baada ya vikundi vya taifa kuvunjwa, kazi ya kufundisha ilichukuliwa na Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho tangu mwaka 2007 kimekuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo.

Hapo ndipo haja ya jina ilipozaliwa. Kikundi cha taifa hakikuwa na siku yake. Kilikuwa na wageni. Kiongozi wa nchi nyingine akishuka uwanja wa ndege, kikundi kilitakiwa kitoe onyesho fupi, na mkuu wa kikundi achague. Sindimba, ngoma ya Wamakonde wa Mtwara na Lindi iliyofungamana na sherehe za unyago, ikawa miongoni mwa zilizochaguliwa mara nyingi, na kutoka hapo ikaingia mashuleni nchi nzima. Watoto wa Mara na Kagera wakaicheza bila ya kujua ilikuwa ikifundisha nini. Hatusemi kwamba lilikuwa kosa kuichukua. Wengi tumeipenda kwa njia hiyo. Tunasema tu kwamba ngoma iliyokuwa ikiitwa na siku yake sasa iliitwa na ratiba. Kazi ikiitwa na ratiba, lazima iwe na jina la mahali inapokaa ikingoja kuitwa.

KUYAPIMA MANENO TULIYO NAYO

Baraza la Kiswahili la Taifa, tangu lilipoundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, limekuwa likifuata utaratibu unaojulikana wa kutafuta istilahi: kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, na baada ya hapo katika Kiarabu na lugha nyinginezo za kigeni. Kwa njia hiyo tulipata ikulu kutoka Kinyamwezi, ngeli kutoka Kihaya, na kitivo kutoka lugha za Upareni na Usambaa. Tuufuate utaratibu huo hapa, tuanze na maneno yaliyokwisha kutumiwa na watu.

Orodha. Hili ndilo neno lililotumika katika fomu, nalo ndilo lililo karibu zaidi na maana ya asili ya repertorium. Ubaya wake ni huo huo ukaribu. Orodha ni karatasi. Kikundi kinaweza kuwa na orodha ya nyimbo ambazo hakuna awezaye kuziimba, na kinaweza kuwa na nyimbo mia zisizoandikwa popote. Isitoshe, orodha huanza na namba moja na hukomea penye mstari wa mwisho. Neno hili litufae kwa ratiba ya onyesho la jioni moja, lakini si kwa kazi zote alizo nazo msanii.

Hazina. Baadhi ya waandishi husema "hazina ya nyimbo", nasi tunakiri kwamba inapendeza sikioni. Asili ya hazina ni mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuweka akiba, na mzizi huo huo umezaa katika lugha za Ulaya majina ya ghala, ya duka na hata ya jarida. Hazina ina sifa ya thamani, jambo ambalo orodha haina. Lakini hazina hukaa mahali, nayo ina mlinzi na ufunguo. Ndiyo maana Serikali huita hivyo mahali pa fedha zake. Mali ya hazina haipungui wala haibadiliki kwa kufa kwa mtunzaji mmoja. Wimbo wa kungwi hauko hivyo. Akifa bila ya kumfundisha mtu, hakuna mlango wa kuvunja ili tuupate.

Diwani. Neno hili linastahili kutazamwa kwa makini, maana historia yake inafanana mno na ile ya répertoire. Katika Kiajemi na Kiarabu diwani ilikuwa daftari ya serikali. Kisha ikawa ofisi yenye daftari hiyo. Na kwa upande mwingine ikawa mkusanyiko wa mashairi ya mshairi mmoja. Kwetu Waswahili neno limefika kwa njia zote mbili. Madiwani walikuwa watawala wa miji ya Mrima, leo ni wajumbe wa halmashauri, na diwani ni kitabu cha mashairi. Tungeweza kuiongeza maana ya tatu. Lakini diwani ya mashairi imekwisha kufungwa kati ya majalada mawili, na mshairi anaweza kuwa hakumbuki hata beti moja kwa moyo. Sisi tunatafuta jina la kazi zilizo hai kinywani na mwilini.

Mtindo. Bendi za dansi za Dar es Salaam zilizoea kujitofautisha kwa jina la mtindo. Bendi ya NUTA, iliyoanzishwa mwaka 1964, ikaja kuitwa JUWATA na baadaye OTTU, ilijulikana kwa Msondo, jina la ngoma ndefu ya unyago. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ilijulikana kwa Sikinde, nalo pia ni jina la ngoma ya jadi. Ni jambo la kutia moyo kwamba wanamuziki wa mjini walipotaka jina la jumla walirudi ngomani kulitafuta. Hata hivyo, mtindo ni namna ya kupiga, si kazi zenyewe. Muhidin Maalim Gurumo, aliyekuwa nguzo ya bendi ya NUTA, alipohamia Mlimani Park mwaka 1978 aliuacha Msondo nyuma yake, lakini utunzi na uimbaji wake alikwenda nao. Hicho alichokwenda nacho ndicho tunachokitafutia jina.

MKOBA

Neno tunalolipendekeza ni mkoba. Maana yake ya kwanza kila mtu anaijua: ni mfuko wa kuning'iniza begani ambao mtu hutilia vitu vyake anapokwenda safari au kazini. Maana iliyo muhimu kwetu ni ya pili, nayo imetoka kwa waganga. Mganga huweka dawa na vifaa vyake mkobani. Mwanafunzi wake hukaa naye miaka, akitumwa porini kuchimba mizizi, akitazama na kukosea na kusahihishwa, mpaka siku anapokabidhiwa mkoba. Toka hapo yeye naye ni mganga. Kurithi mkoba, kwa hiyo, hakukuwa kurithi ngozi na kamba zake. Kulikuwa ni kurithi ujuzi, pamoja na ruhusa ya kuutumia na wajibu wa kuukabidhi kwa mwingine. Kiswahili cha magazeti kimeliendeleza neno hili katika wingi wake: kiongozi au kocha mpya husemwa amerithi mikoba ya aliyemtangulia.

Tuipime dhana hii kwa yale tuliyoyaona Rutamba. Eneo hilo liko magharibi ya mji wa Lindi, karibu na ziwa lenye jina hilo hilo na msitu wa Litipo. Ni nchi ya Wamwera, lakini tangu zamani wamechanganyika na Wamakonde, Wayao na wengineo, kwa kuwa njia za misafara kati ya bara na bandari za Lindi na Kilwa zilipita katika nchi hizi za kusini. Katika miaka ya 1960 wakaongezeka wageni wengine. Baada ya mauaji ya Mueda ya tarehe 16 Juni 1960, na hasa baada ya vita vya ukombozi wa Msumbiji kuanza tarehe 25 Septemba 1964, maelfu ya watu walivuka mto Ruvuma kuingia Tanzania, na Rutamba ikawa moja ya makazi waliyotengewa wakimbizi.

Miongoni mwa waliovuka Ruvuma walikuwamo Wamakonde, watu wa ngoma ya mapiko. Katika ngoma hiyo mchezaji hufunika kichwa chote kwa kinyago cha mti mwepesi, akafunikwa mwili kwa nguo, akatoka mbele ya watu kama kiumbe kisichotambulika. Kinyago hutayarishwa kwa siri na wanaume waliopita jandoni. Kila umbo lina mapigo yake na mwendo wake. Huyu ni mzee, huyu ni mgeni, huyu ni Mzungu. Hizo ni kazi zilizotayarishwa kwa uangalifu mkubwa, na vikundi viliendelea kubuni nyingine mpya kadiri nyakati zilivyobadilika, hata katika kambi za ukombozi.

Sasa tujiulize: mtu anayekimbia vita usiku hubeba nini? Habebi ghala wala hazina. Orodha huenda hakuwa nayo tangu mwanzo. Hata kinyago chenyewe huweza kuachwa, maana mti wa kuchonga kingine utapatikana. Anachovuka nacho mtoni ni kile kilichomo ndani yake: mapigo, hatua, maneno, na kujua lini kila kimoja kitolewe. Akifika ng'ambo akapata mti, ngozi na wenzake watatu, ngoma itasimama tena. Na nchi yake ilipopata uhuru mwaka 1975, aliyerudi alirudi nacho vilevile. Kama kuna neno la Kiswahili linaloweza kukibeba kitu hicho, ni mkoba.

Tena mkoba hufungwa. Hili ni jambo ambalo maneno mengine hayakulizingatia. Katika kazi za kungwi zimo ambazo asiyefundwa hapaswi kuziona, na katika mapiko zimo siri za jandoni. Orodha hudai kila kitu kiandikwe; ndiyo maana wazee waliona heri kutaja machache. Mwenye mkoba hutoa anachotaka kutoa, na hakuna anayemlaumu kwamba hakujaza fomu kikamilifu.

PINGAMIZI NA MAJIBU YAKE

Wasomaji wetu bila shaka watakuwa na pingamizi, nasi tuzitaje zile zilizo nzito.

Ya kwanza ni kwamba mkoba umekwisha kuwa na maana ya mfuko wa akina mama wa kuendea kazini au sokoni. Jibu ni kwamba istilahi nyingi ni maneno ya nyumbani yaliyopewa kazi ya pili. Neno tawi halikuacha kuwa la mti lilipokuwa la benki. Muktadha hutenganisha maana.

Ya pili ni kwamba mkoba unanuka uganga, na wapo watakaokataa kwaya yao ihusishwe na tunguri. Pingamizi hili lina uzito. Hata hivyo, matumizi ya magazeti yamekwisha kulitoa neno hili katika uganga na kulitia katika siasa na michezo, wala hatujasikia kocha aliyechukizwa kwa kuambiwa amerithi mikoba.

Ya tatu ni ya kisarufi: je, neno litatumika kwa urahisi? Tulijaribu. "Kwaya hii ina mkoba mpana." "Wimbo ule haumo tena mkobani mwao." "Kikundi kimetia michezo miwili mipya mkobani mwaka huu." "Mkoba wa marehemu umerithiwa na binti yake." Sentensi zote zinasimama, na ya mwisho inasema jambo ambalo orodha na hazina zisingaliweza kulisema kwa ufupi huo.

Ya nne inahusu sheria na hifadhi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazo kanuni kuhusu sanaa za jadi, na Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 juu ya urithi wa utamaduni usioshikika unazitaka nchi wanachama kutayarisha orodha za urithi huo. Je, tunazikataa orodha? La hasha. Orodha zina kazi yake, na pasipo hizo mengi yatapotea bila ya kujulikana kuwa yalikuwapo. Tunachosema ni kwamba orodha ni ya mhifadhi, na mkoba ni wa msanii. Mhifadhi akiulizia mkoba kwanza, atajua ni nani aliyeubeba, aliupokea kwa nani, na nani anaandaliwa kuupokea. Hapo orodha yake itakuwa na maana. Akianza na orodha, atapata mistari sita.

HITIMISHO

Tunapendekeza basi istilahi mkoba itumike katika uwanja wa sanaa za maonyesho kwa maana ifuatayo: jumla ya kazi ambazo msanii au kikundi kimejifunza, kimezitayarisha na kina uwezo na ruhusa ya kuzitoa mbele ya watu. Tumeyaweka makusudi maneno "na ruhusa", kwa kuwa kwetu kujua wimbo na kuruhusiwa kuuimba ni mambo mawili. Ratiba ya onyesho moja iendelee kuitwa ratiba. Kitabu cha mashairi kiendelee kuwa diwani. Na hesabu ya mhifadhi iendelee kuwa orodha.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Tuzo la kwanza ambalo lugha inaweza kumpa mchezaji ni kumwuliza swali analoweza kulijibu. Fomu ile sasa imetafsiriwa upya, na katika nakala iliyopelekwa Rutamba safu ya zamani imeondolewa. Mahali pake pameandikwa: "Eleza mkoba wa kikundi: mmepokea kazi zenu kwa nani, na nani anajifunza kwenu?" Mistari haikuchapwa, pameachwa ukurasa mzima mtupu. Wasomaji wenye neno lililo bora kuliko hili, hasa wale wa Kilwa, Lindi na Mtwara wanaoishi karibu na ngoma hizi, wanaombwa walilete mbele ya wahariri, ili lipimwe pamoja na haya kabla ya kusanifiwa.